HABARI ZA MADARASA: Jumatatu ni Siku ya Ngapi?

Somo la juma hili kwa watoto wa Gredi ya 1 huko ng'ambo za Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ni siku za juma. Mtu mzima akisikia habari hiyo huenda akacheka, akauliza kuna nini cha kufundisha katika jambo ambalo kila mtu alijua. Lakini mwalimu wa darasa la chini hacheki, kwa kuwa anajua kwamba katika siku saba hizo mmefichwa fumbo ambalo mtoto mwerevu hulitambua upesi kuliko mzazi wake.

Fumbo lenyewe ni hili. Mtoto anaambiwa kwamba juma la shule huanza Jumatatu. Siku hiyo ndiyo bendera hupandishwa, ndiyo sare hukaguliwa, ndiyo ukurasa mpya wa daftari hufunguliwa. Kisha katika somo la hisabati, siku hiyo hiyo, anafundishwa kwamba tatu hufuata moja na mbili. Basi mtoto huinua mkono na kuuliza: ikiwa Jumatatu ni siku ya kwanza, mbona jina lake ni tatu?

Swali hili ni zuri, na jibu lake si gumu. Waswahili hawakuanza kuhesabu siku zao katika Jumatatu. Walianza baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko, siku ya sala kuu msikitini. Siku iliyofuata ikawa ya mosi, nayo ndiyo Jumamosi. Ya pili ikawa Jumapili, ya tatu Jumatatu, ya nne Jumanne, ya tano Jumatano. Katika vyuo vya zamani vya pwani mafunzo yalianza Jumamosi, na mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo mtoto wa wakati ule hakupata tatizo lolote: siku ya mosi ya jina ilikuwa siku ya mosi ya kazi. Ilipokuja shule ya Kizungu na mapumziko yake ya mwisho wa juma, kazi ilihamia Jumatatu, bali majina hayakuhama.

Tena fumbo haliishi hapo. Baada ya Jumatano, yaani siku ya tano, huja Alhamisi, na neno hilo la Kiarabu nalo maana yake ni ya tano. Siku mbili zinazofuatana zote ni za tano! Sababu ni kwamba Waarabu huanza hesabu katika Jumapili, nao kwao Alhamisi ni ya tano kweli. Mswahili alizihesabu tano kwa lugha yake mwenyewe, kisha zile mbili zilizo karibu na sala akazichukua kwa majina ya Kiarabu. Hakuona haja ya kuzipatanisha, na kwa kweli hakuna aliyechelewa kufika popote kwa sababu hiyo.

Mtoto asidhani kwamba ni lugha yake tu iliyo na mambo haya. Wareno, ambao walianza kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593, mpaka leo huiita Jumatatu siku ya pili. Wachina huiita siku ya kwanza. Basi siku moja hiyo hiyo, yenye jua lile lile, ni ya tatu Likoni, ya pili Lisbon na ya kwanza Beijing, na hakuna kati ya watu hao aliyekosea.

Yafaa kueleza kwa nini jambo dogo namna hii linastahili nafasi katika ukurasa huu. Tangu Januari 2003, ada ya shule za msingi ilipoondolewa nchini Kenya, madarasa mengi ya serikali yamejaa sana. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Mwalimu aliye na watoto wengi mbele yake, na nusu saa mkononi, akiulizwa swali kama hili huweza kujibu kwa haraka, "Kariri tu." Hapo ndipo hasara huanza. Yule mtoto aliyeuliza hajifunzi kwamba swali lake ni gumu. Anajifunza kwamba kuuliza si kuzuri. Mara ya pili hataulizia siku, na mara ya tatu hataulizia silabi asiyoweza kuisoma. Atakaa kimya nyuma ya wenzake, akifungua kinywa pamoja nao wanapoimba siku saba kwa pamoja, na hakuna atakayejua kwamba hasomi hata mwaka wa tatu uishe.

Wala hii si hofu ya bure. Shirika la Uwezo, ambalo lilianza kuwapima watoto wa Kenya nyumbani kwao mwaka 2009, limeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi waliofika darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi iliyoandikwa kwa kiasi cha darasa la pili. Watoto hao hawakuwa watoro. Aghalabu walikuwa wamekaa darasani miaka mitatu wakiitikia pamoja na wengine. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini kote tangu mwaka 2015, ulijaribu kuponya ugonjwa huo kwa kuanza na sauti za herufi, kisha silabi, kisha neno, na kwa kumpa kila mtoto kitabu chake. Na mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutumiwa kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, umesisitiza kwamba mtoto atende na aseme, asikae tu akisikiliza. Maneno hayo ni mema. Lakini mtaala hauna masikio. Mwenye masikio ni mwalimu, na baada ya saa za shule ni mzazi.

Sasa turudi darasani. Katika Changamwe, mwalimu mwenye akili ana kifaa cha kufundishia wakati kisichouzwa dukani, nacho ni majina ya watoto wenyewe. Changamwe ya kale ni jina la taifa moja katika yale Mataifa Matatu ya Waswahili wa Mombasa, lakini tangu reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na bandari ilipopanuka Kilindini, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilipofanya kazi pale kuanzia mwaka 1963 hadi mwaka 2013, watu wamekuja kutoka kila upande wa nchi kutafuta riziki. Kwa hiyo katika daftari la mahudhurio la darasa la Changamwe si ajabu kumkuta Otieno, ambaye kwa Kijaluo ni aliyezaliwa usiku, karibu na Akinyi aliyezaliwa asubuhi. Yupo Ochieng' wa jua kali. Yupo Kioko wa Kikamba, naye ni wa asubuhi, na Mutuku wa usiku. Yupo Hamisi wa Alhamisi, na Jumaa ambaye hana haja ya kuelezwa. Mwalimu akiwasimamisha hawa mbele kwa mpangilio, kuanzia alfajiri hadi usiku, darasa zima limekwisha kujifunza sehemu za siku bila ubao wala chaki. Na Otieno, ambaye pengine nyumbani kwao Kiswahili kinasemwa kwa shida, atakuwa ameona jina lake likifundisha wengine.

Kisauni nako kuna hazina nyingine. Wamijikenda walikuwa na juma lao la siku nne, lililopangwa kwa kazi za shamba na mapumziko, na mojawapo ya siku hizo ni Jumwa. Wasichana wengi wa Kigiriama wanaitwa Jumwa hadi leo. Basi mtoto wa Gredi ya 1 anaweza kuelezwa kwamba jua na mwezi ndivyo vilivyoleta siku na miezi, lakini juma ni jambo walilopatana watu: wengine walikata siku saba, wengine nne, kila watu kwa ibada, masoko na mashamba yao. Somo hilo ni kubwa kwa mtoto wa miaka sita, hata hivyo watoto huliweza, mradi aliyelieleza ni nyanya yao na si kitabu.

Wazazi wa Likoni wataongezea jambo lingine ambalo kitabu cha shule hakiligusi. Mtoto husikia nyumbani watu wakisema "usiku wa Ijumaa" wakiukusudia usiku unaotangulia Ijumaa, kwa kuwa katika hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapotua. Shuleni anaambiwa kwamba siku huanza usiku wa manane. Yote mawili ni kweli kwa mahali pake, na si vema kumwambia mtoto kwamba mmoja kati ya mwalimu na babu yake amesema uongo. Na maadamu tumo katika habari za siku, afundishwe pia zile zinazokuja: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Maneno haya mawili ya mwisho yanapotea vinywani mwa vijana wa mjini, nao husema "baada ya siku tatu" kana kwamba lugha yao ni maskini.

Katika hisabati, watoto hao hao wanafunga vijiti kumi kumi. Kijiti kimoja ni moja, kitita kimoja ni kumi. Hapa mtoto asomaye kwa Kiswahili ana bahati ambayo mtoto wa Kiingereza hana. Akifunga kitita na kubakiwa na kijiti kimoja, jina la hesabu hiyo lipo mbele ya macho yake: kumi na moja. Mtoto wa Kiingereza hupewa neno jipya kabisa ambalo halimwonyeshi kumi wala moja, na lile linalofuata ni vivyo hivyo. Neema hii hudumu mpaka kumi na tisa. Kwenye vitita viwili mtoto hungoja kusikia makumi mawili, akaambiwa ishirini, neno la Kiarabu, na kuanzia hapo thelathini, arobaini na wenzake yote ni ya kukariri. Mwalimu anayewaruhusu watoto waseme "makumi mawili na tatu" kwa siku chache kabla ya kuwaingiza katika ishirini na tatu hajaharibu lugha. Amewapa ngazi.

Sita, saba na tisa nazo ni za Kiarabu, lakini wazee wa pwani walikuwa na kenda kwa tisa, na wazee wa Kigiriama wangali wanahesabu tandahu, fungahe, nane, chenda. Mtoto wa Kisauni aliyefundishwa hesabu hizo na bibi yake haji shuleni akiwa mtupu, na mwalimu asimwone kama mgonjwa wa kutibiwa.

Jambo hili la lugha ya nyumbani linahitaji maneno zaidi, maana ndilo linalowaumiza watoto wengi wa pwani pasipo watu kuliona. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano papa hapa Mombasa, na mkutano huo ukakubali kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule katika Afrika Mashariki. Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji, kikaachwa katika mji wake mwenyewe. Shauri hilo limekwisha, na faida zake ni nyingi: kitabu kimoja husomeka Mombasa, Dodoma na Bukavu. Lakini mpaka leo mtoto wa Mvita au Likoni huweza kusema mato badala ya macho, ndia badala ya njia, mtanga badala ya mchanga, naye amesema kama mababu zake walivyosema. Akichekwa kwa neno hilo katika somo la mwili wangu, huku akionyesha jicho lake mwenyewe kwa kidole, atajifunza nini isipokuwa kunyamaza? Siku za zamani shule nyingi za Kenya zilimvika mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya kwao. Kibao kimeondoka, kicheko hakijaondoka. Kilicho sawa ni kumwambia: kwetu twasema mato, katika kitabu twaandika macho. Mtoto wa miaka sita huweza kubeba maneno mawili kwa kitu kimoja bila kuchoka. Utaratibu wa serikali wenyewe unataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali, na Kiswahili kitumike mijini palipo na makabila mengi.

Somo la fedha litaanza baadaye, na linakuja na mazoea mapya. Sarafu zilizotolewa Desemba 2018 hazina sura za watu, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 ilikataza, bali zina wanyama: twiga kwa shilingi 1, kifaru kwa shilingi 5, simba kwa shilingi 10 na ndovu kwa shilingi 20. Watoto huzipenda. Huuliza ni simba wangapi hufanya ndovu mmoja, na kwa swali hilo wamekwisha kugawanya. Taabu ni kwamba nyumba nyingi siku hizi hununua kwa simu, hata unga wa kibaba kimoja, na mtoto anayetumwa dukani hapewi sarafu wala harudi na chenji. Zamani alijifunza kutoa kwa kuogopa kupoteza chenji ya mama. Mzazi akiweza, amtume mara moja kwa juma na sarafu za kweli akanunue mabuyu au mahamri, amhesabie alichotoa na alichorudishiwa.

Vipimo navyo vipo nyumbani. Shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa nne ni pima. Vibaba vinne ni pishi. Watoto wa Kiislamu wameiona pishi ikipimwa wakati wa zaka ya fitiri. Anayecheza bao na babu yake ana mashimo 32 na kete 64 za kuhesabu, na hakuna daftari la mazoezi lililo bora kuliko hilo.

Wazazi wengi wamelalamika kwamba mtaala huu wa umilisi unawatoza gharama, mara karatasi za rangi, mara picha za kuchapishwa, mara vitu vya kutengeneza usiku baada ya kazi. Malalamiko hayo yana haki yake, hasa kwa mtu wa Changamwe au Likoni aliye na chumba kimoja na watoto wanne, anayeondoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya feri au kungoja kazi langoni. Lakini somo la juma hili halina gharama. Vijiti hupatikana chini ya mwarobaini, na asiye na vijiti atumie kokwa au makombe ya pwani. Mwalimu anataka mambo mawili tu yafanywe nyumbani. La kwanza, mtoto aulizwe kila jioni leo ni siku gani, jana ilikuwa gani, kesho itakuwa gani. Na jibu liwe lake peke yake, asisaidiwe na dada wala kaka. La pili, aulizwe ni swali gani alilouliza darasani. Akisema hakuuliza lolote siku tano mfululizo, mzazi afike shuleni azungumze na mwalimu kwa upole, asingoje mtihani wa Gredi ya 6.

Kuhusu saa, wazazi wawe tayari. Kusoma saa ya mishale huja baada ya mambo haya, bali watoto wameshaanza kuuliza kwa nini mshale mfupi ukiwa juu ya 7 watu husema ni saa moja. Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na karibu na mstari wa ikweta jua halibadilishi sana wakati wake wa kuchomoza, kwa hiyo hesabu hiyo imefaa kwa karne nyingi. Mtoto aonyeshwe njia rahisi: atazame namba iliyo mkabala, upande wa pili wa uso wa saa. Ng'ambo ya 7 ni 1, ng'ambo ya 8 ni 2, ng'ambo ya 12 ni 6. Mtoto wa Likoni anajua vizuri maana ya ng'ambo.

Juma lijalo ni miezi. Watoto watakariri Januari hadi Desemba, na pengine mmoja wao ataelezwa na ndugu yake mkubwa kwamba Septemba kwa Kilatini ni ya saba, Oktoba ya nane, Novemba ya tisa na Desemba ya kumi, naye atataka kujua kwa nini zimeketi katika nafasi ya 9, 10, 11 na 12. Aambiwe kwamba Warumi wa kale walianza mwaka katika Machi. Kisha apelekwe kwa mzee amhesabie miezi ya Kiswahili kuanzia baada ya Ramadhani, Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe, aone kama itatimia kumi na miwili.